Paa Lililonyamazishwa

Watu wengi wanadhani chuma ni bubu. Waongo hao, au hawajawahi kufanya kazi chini ya paa la chuma. Chuma kinasema. Jua likikipiga kinarefuka, jioni ikiingia kinafupika, na katika huko kurefuka na kufupika kinatoa mlio, ta!, mmoja tu, mkavu. Fundi anayejua kazi anakiachia nafasi ya kwenda na kurudi. Asiyejua anakibana. Halafu yupo wa tatu, na huyu ni mbaya kuliko hao wawili: anajua, na bado anakibana, kwa sababu ya mapenzi.

Huyo wa tatu walimwita Koleo, maana akishika kitu haachii, kiwe chuma, uwe ubishi. Fundi wa kuchomelea, miaka hamsini na mitano, mikono imejaa makovu ya cheche, na mdomo haujui kupumzika. Kama ungemuuliza saa, angekueleza kwanza saa inavyotengenezwa. Lakini kazi aliijua, tusimnyime haki yake. Majengo aliyosimamisha yalikuwa yamesimama.

Alilelewa na dada yake. Wazazi wao walifariki yeye akiwa na miaka minane na dada kumi na saba, na dada akaacha shule ili yeye asiache. Alimfulia, alimchapa, alimficha mvunguni alipovunja kioo cha jirani, kisha akatoka mlangoni na kumwambia jirani, macho makavu, kwamba mtoto hayupo. Siku Koleo alipopata mashine yake ya kwanza ya kuchomelea, dada alilia mpaka kwikwi zikamshika. Kwa hiyo hapa mkisikia "Dada", jueni ni mama aliyekosa tu cheo.

Dada huyo alikuwa mtunza ghala katika kiwanda kidogo cha magodoro. Shada la funguo lilining'inia kiunoni mwake kutwa nzima, hata wafanyakazi wakamwita Mama Funguo. Na ghala lenyewe alilijenga nani? Koleo. Nguzo za chuma huku na huku, boriti kumi za chuma zimelala juu yake, mabati yakafuata. Kila boriti aliikaza upande mmoja kwa bolti mpaka spana ikalia. Upande wa pili akatoboa tundu refu, refu kama kidole, na bolti yake akaikaza kidogo tu, ili boriti iweze kuteleza mbele na nyuma.

Dada alisimama chini akiangalia juu. "Wee Koleo, mbona huku umeacha inacheza? Umeishiwa nguvu?"

"Dada, chuma kinapumua. Ukikiziba pua, siku moja kitakupiga teke."

"Haya, daktari wa vyuma. Shuka ule."

Mambo yangeishia hapo, na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Ila mwaka uleule ghala lilipoanza kazi, mume wa dada aliugua wiki mbili akafariki. Marehemu huyo alikuwa na mtindo wake: akirudi kazini jioni hakuita wala hakupiga hodi, aligonga mlango kwa pete yake ya ndoa, mara moja tu, ta. Mkewe angekuwa jikoni, binti yao angekuwa kwenye madaftari, wote wawili wakijua baba karudi.

Na paa la ghala nalo likawa na saa zake. Saa sita mchana, ta! Saa kumi na moja jioni, jua likipungua, ta! Wanawake wanaoshona foronya za magodoro wakaanza kunong'ona kwamba ghala lina mwenyewe. Mmoja wao, mwembamba lakini mwenye sauti ya watu wanne, alitupa mkasi akakimbilia barabarani na futi ya kupimia shingoni. Walicheka mwezi mzima. Dada hakucheka.

Alikwenda kwa mdogo wake siku ya mapumziko, akakaa kwenye benchi la karakana, funguo mapajani.

"Ninyamazishie lile paa."

"Dada, nilikueleza. Ule mlio ni afya yake. Linajinyoosha, linajikunja."

"Najua ulinieleza. Sikuja kufundishwa." Akazigeuza funguo mapajani. "Kila jioni likigonga, mimi nageuka, Koleo. Nageuka kumwangalia mlangoni. Miezi saba sasa nageuka, na hayupo. Nimechoka kugeuka."

Mwambieni mtu akatae hapo. Aliyekulea, aliyekuficha mvunguni, hajawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe, leo anaomba, na anachoomba kinawezekana. Koleo alibeba mashine yake wiki ileile, akapanda ngazi, akachomelea kila tundu refu, moja baada ya jingine, bolti na boriti na nguzo vikawa kitu kimoja. Alijiambia joto la jua ni dogo, chuma kitajipinda kidogo tu, basi. Na kuhusu jua alikuwa sahihi. Lilipiga miaka kumi na mmoja na paa halikuthubutu kusema neno.

Jioni ya kwanza ya kimya, dada alimshika mkono akaushikilia. "Umenitua mzigo, mdogo wangu." Kesho yake Koleo alitembea siku nzima ameota mabawa. Wafanyakazi wakapata utani wa kudumu: Koleo kalifunga paa mdomo, sasa nani atamfunga yeye?

Mwaka wa kumi na mmoja moto ulianza, asubuhi, kwenye waya wa umeme uliopita karibu na marundo ya sponji. Sponji haina subira. Kabla ya saa nne moshi mweusi ulikuwa umejaa ghala zima, lakini watu wote walitoka, wakahesabiwa, hakuna aliyepungua. Zimamoto walipigana nao mpaka saa saba mchana. Ulipozimika, mabati yalikuwa meusi, boriti za katikati zimebonyea kama kamba iliyoanikiwa mablanketi mabichi, lakini zimesimama. Mkuu wa zimamoto akafunga utepe mwekundu mlangoni.

"Haingii mtu mpaka kesho mhandisi aje," akasema. Akamwacha mtu wake mmoja, koplo mwenye masharubu, alinde.

Koleo alifika akihema, alikuwa ameletwa na habari. Cha kwanza alimkumbatia dada yake, akampapasa mabega kama anayetafuta palipovunjika. Cha pili, akaangalia juu. Na hapo, jamani, kiburi kikampanda. Sponji imekuwa majivu, milango imekunjamana, na boriti zake zimesimama! Alitembea mbele ya watu kifua mbele. "Mmeona? Mmeona kazi?"

Nyuma ya ghala moshi ukaanza tena kutoka kwenye rundo, koplo akaburuta mpira wa maji akazunguka kwenda kuuzima. Mlango ukabaki na utepe peke yake.

Ndipo yule mwanamke mwenye sauti ya watu wanne alipoanza kulia. "Mkoba wangu jamani! Dawa zangu za presha zimo. Ufunguo wa nyumba umo." Na wengine wakakumbuka mikoba yao. Yote ilikuwa kwenye makabati ya chuma, hatua kumi tu kutoka mlangoni, na funguo za makabati zilikuwa palepale zinapokaa siku zote, kiunoni mwa Mama Funguo.

Dada aliutazama utepe, akamtazama mdogo wake. "Koleo. Paa lako linaaminika?"

"Linaaminika? Dada, limekaa motoni saa tatu nzima!"

"Zimamoto wamesema kesho."

"Zimamoto wanajua maji. Chuma nakijua mimi." Akauinua utepe kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu anayemfungulia mgeni wa heshima pazia. "Kilichosimama kwenye moto kitaangushwa na baridi? Ingia, chukua, toka."

Hayo ndiyo maneno yake. Sijaongeza wala sijapunguza.

Dada akainama akapita. Funguo zikasikika zikilia kabatini, kabati la kwanza, la pili. Mikoba miwili ikarushwa mlangoni, wanawake wakaidaka na kurudi nyuma kule kwenye kivuli. Koleo akabaki peke yake karibu na mlango. Kisha juu, kwenye giza la masizi, paa likasema.

Ta!

Ndani, dada akacheka. Kicheko chake kilekile, cha mtu aliyesikia hodi aliyoizoea. "Koleo!" akaita. "Linagonga tena!"

Na Koleo, aliyelijua jambo hilo miaka yote na kulisahau siku moja tu, alikumbuka. Boriti ilitaka kurefuka motoni ikakosa pa kwenda, kwa sababu yeye aliziba. Ikajikunja, ikafupika. Sasa inapoa. Sasa inavuta.

"Dada, toka!"

Mlio wa pili haukuwa ta. Ulisikika mitaa mitatu.

Msibani watu walikaa kwenye viti vya kuazima mpaka barabarani, maana Mama Funguo hakuwa na adui. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, mtoto pekee, hakulia mbele ya watu. Alipokea pole, akagawa vikombe, akaosha vikombe, akagawa tena. Usiku wa pili alikuja akachuchumaa mbele ya kiti cha Koleo.

"Mjomba. Wanasema wewe ndiye uliyekuwa karibu. Mama alisema nini mwisho?"

Koleo alifungua mdomo. Mdomo uliowahi kubishana na mahakimu! Neno halikutoka, kwa sababu neno lile lilikuwa na mkia. Ukisema "linagonga tena" lazima useme lilinyamazishwa na nani. Ukisema alikuita wewe, lazima useme kwa nini alikuwa mle.

"Hakusema kitu, mwanangu. Ilikuwa ghafla."

Mpwa wake akatikisa kichwa taratibu. "Hata neno moja? Mama? Mama hawezi kutoka chumbani bila kusema neno."

"Hata neno moja."

Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hapa kifo kilikwisha kuja, na mtu bado anaficha.

Wiki moja baadaye mhandisi aliyetumwa kuchunguza aliwaita ndugu wa marehemu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, aliyevaa kofia ngumu iliyompwaya. Aliwapeleka kwenye kifusi, akagusa ncha ya boriti kwa kalamu.

"Watu wanaogopa moto tu," akasema. "Lakini chuma kina safari mbili, ya kupata joto na ya kupoa. Kikipata joto kinataka kurefuka. Kikizuiwa, kinajikunja chenyewe kwa chenyewe, na urefu ule haurudi. Kikianza kupoa kinafupika zaidi ya pale kilipoanzia, na hapo kinavuta kila kilichofungwa nacho. Lipo jengo linalosimama moto mzima, likaja kuanguka watu wakishajifuta jasho." Akageuza kalamu. "Hapa palikuwa na tundu refu. Aliyelitoboa alikuwa fundi hasa, alifikiria. Halafu akaja mjinga mmoja akaliziba. Lisingezibwa, huenda boriti ingeteleza na kurudi. Huenda. Siwezi kuapa."

"Nani aliziba?" mwalimu akauliza.

Mhandisi akamgeukia Koleo. "Wewe ndiye uliyejenga. Unamjua?"

Koleo alikitazama kile alichochomelea. Safi, sawasawa, bila tundu la sindano. Kazi ya mkono wake angeitambua gizani.

"Mafundi wengi wamepita hapa," akasema.

Tangu hapo chakula kikawa mchanga kinywani mwake. Alikwenda karakana akakaa, hakuwasha mashine. Mpwa wake, yeye, alikuwa amempata wa kumlaumu. Koplo mwenye masharubu alikuwa ameacha mlango, basi koplo ndiye muuaji. Mwalimu aliandika barua tatu kwa mwandiko mzuri wa ubaoni, na koplo akasimamishwa kazi akisubiri kuitwa mbele ya wakubwa wake siku ya Jumatatu.

Jumamosi mchana koplo alikuja nyumbani kwa marehemu. Hakuwa na sare. Alisimama mlangoni ameshika kofia kwa mikono miwili, masharubu yenyewe yamelala. Mwalimu alikuwa mezani na daftari, Koleo, aliyekuwa akilala pale tangu msiba, ameketi pembeni na chai iliyopoa.

"Mwalimu, sikuja kuomba kazi," koplo akasema. "Nimekuja kuomba msamaha. Nilikwenda kuzima moshi nyuma. Nilifikiri utepe unatosha. Kila nikifumba macho naona ningesimama tu pale mlangoni, mama angekuwa hai. Kazi yangu ilikuwa kusimama tu." Akaanza kulia, mwanaume mzima, bila kujificha.

Mwalimu alimgeuzia mgongo. "Umeshasema. Nenda."

Koplo akavaa kofia yake. Na Koleo alipomwona mtu yule anabeba gunia ambalo si lake, tena analishukuru, akasikia kitu kinavutika kifuani mpaka mwisho wa urefu wake.

"Koplo, rudi," akasema. "Kaa."

Mwalimu akageuka. "Mjomba?"

"Utepe niliuinua mimi." Sauti ilitoka ndogo, hata mwenyewe hakuitambua. "Mama yako aliniuliza kama paa linaaminika, nikamwambia zimamoto wanajua maji, chuma nakijua mimi. Nikamwambia ingia. Aliniamini, mwanangu. Aliniamini tangu nilipokuwa na miaka minane. Na yule mjinga aliyeziba matundu..." Akaitazama mikono yake. "Fundi aliyetoboa na mjinga aliyeziba ni mtu mmoja."

Koplo akarudi akaketi. Kisha akaeleza yote, kuanzia benchi la karakana, pete ya baba, kuchoka kugeuka, na ile miaka kumi na mmoja ya kimya. Hakujitetea. Alipofika mwisho alisita, na mpwa wake ndiye aliyemsukuma.

"Alisema kitu. Siyo?"

"Alisema."

"Sema."

"Paa liligonga. Akacheka. Akaita, 'Koleo! Linagonga tena!'"

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Rudia."

"'Koleo! Linagonga tena!'"

"Siyo hivyo. Sema kama alivyosema yeye."

Koleo akafumba macho. Akaisema kwa sauti ya dada yake, na kicheko kikiwa mbele, jina likivutwa kidogo mwishoni kama alivyomwita kula miaka yote. Na uso wa mwalimu, uliokuwa mkavu tangu msiba uanze, ukabomoka.

"Alidhani ni baba," akasema katikati ya machozi. "Alidhani baba karudi."

"Sijui, mwanangu. Alicheka. Hilo ninalijua."

Alilia muda mrefu. Koplo alitazama sakafu. Koleo aliinua mkono kutaka kumgusa bega, akaurudisha. Hatimaye mwalimu akajifuta uso kwa kiganja, akazikusanya nakala za barua zake tatu, akamkabidhi koplo.

"Nisamehe, baba. Jumatatu nitakwenda mimi mwenyewe kuwaeleza."

"Tutakwenda wote," Koleo akasema.

Ndipo mpwa wake alipomtazama, macho mekundu, sauti imetulia. "Asante kwa kunipa neno la mama yangu, mjomba. Ulilikalia siku kumi na tatu. Nilikuwa naamka usiku kulitafuta, nawe uko chumba cha pili unalo." Akaelekeza mlango. "Sasa toka. Jumatatu nitakukuta kulekule kwa wakubwa wa zimamoto. Hapa usije mpaka nikuite."

"Utaniita?"

"Sijui."

Koleo alisimama. Akaweka kikombe chake mezani. Akatoka.

Jua lilikuwa linapungua. Alipofika uani, mabati ya nyumba ya dada yake yakaanza kupoa, na moja likagonga juu ya mlango, ta. Akageuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akasubiri pale hadi mabati yote yakanyamaza, kisha akafungua geti, akalirudishia taratibu, akaondoka.